Maisha ya Oleg Losev, Mtu Aliyeona Nuru Ndani ya Jiwe

Karatasi hii tumeiandika kueleza maisha ya mtu mmoja wa Urusi, jina lake Oleg Vladimirovich Losev, aliyefariki mwaka 1942. Wenye ilimu ya umeme na redio wamjua sana, na hutajwa kila inaposimuliwa asili ya taa ndogo ziwakazo bila moto wala uzi. Lakini wengine wetu, ambao kila usiku twatumia matunda ya kazi ile, hatuna khabari naye. Baadhi ya vyombo vya kuchajia simu vina kitone cha nuru ya kijani au nyekundu. Na misikitini mwetu leo taa za jinsi hiyo zimeziondoa zile za zamani zilizokuwa zikimuunguza vidole mwenye kuzibadili. Nuru hiyo haitoki katika moto, yatoka katika jiwe. Na mtu wa kwanza aliyeitazama kwa makini, akaipima, akaiandikia mwaka baada ya mwaka ilhali hapana aliyemsikiliza, ni huyu.

Alizaliwa tarehe 10 Mei 1903 katika mji wa Tver, ulio kando ya mto Volga, kaskazini ya Moscow. Baba yake alikuwa karani katika kiwanda cha mabehewa ya gari la moshi. Nasaba yao ilikuwa ya watu wa daraja, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 nasaba ya namna hiyo katika Urusi ilimwia mtu mzigo kuliko kumwia fahari.

Wakati wa vita vya 1914 serikali ya Urusi iliweka katika mji huo kituo cha simu ya upepo, ili kupokea khabari za wenziwe wa vita. Mkuu wa kituo, Leshchinsky, alitoa hotuba mbele ya watu wa mji kueleza jinsi sauti ya umeme ipitavyo hewani pasipo waya. Losev, naye kijana wa shule, alikuwa katika waliosikiliza, na tangu siku ile moyo wake ukashikwa. Akawa haishi kwenda kituoni, na huko akajuana na wanazuoni wawili, Bonch-Bruevich na Lebedinsky, ambao baadaye majina yao yalikuwa makubwa katika redio ya Urusi.

Alipomaliza shule mwaka 1920 alikwenda Moscow akitaka kuingia chuo cha mawasiliano. Mwaka uleule ulikuwako mkutano wa watu wa redio, na hapo akakutana tena na wale aliowajua Tver. Wao tangu 1918 walikuwa wamekwisha hamia Nizhny Novgorod, ambako serikali mpya iliwapa nyumba ya kufanyia majaribio yao. Losev akaiacha Moscow, akawafuata. Alipofika hapakuwa na nafasi yoyote ila ya utarishi, yaani kupeleka barua na vifurushi. Akaipokea. Mchana alitumwa huku na huku, na usiku alilala juu ya ngazi, mbele ya mlango wa darini. Sisi tusomeshao twawajua wanafunzi wa jinsi hii: humwona amekuja kufagia ua, kumbe haja yake ni kuwa karibu na darasa. Haikupita miezi mingi akatolewa katika utarishi, akatiwa katika kazi ya ilimu. Lakini chuo kikuu hakupata kukimaliza, na jambo hilo lilimfuata karibu umri wake wote.

Ili msomaji afahamu kazi yake ya kwanza, hana budi kujua redio za siku zile zilivyokuwa. Zilikuwako za namna mbili. Zile za thamani zilikuwa na valvu, yaani chupa za kioo zilizotolewa hewa, na ndani yake uzi uliochomwa moto. Nazo zilikuwa ghali, zikila betri nyingi. Za maskini zilikuwa na jiwe. Mtu alichukua kipande cha jiwe la madini, kama galena, akagusisha juu yake ncha ya waya mwembamba kama unywele, akatafuta kwa subira mahali penye uhai; kwani si kila mahali pa jiwe hufaa, na mtikisiko mdogo hupoteza kila kitu. Akipapata, jiwe huupitisha umeme upande mmoja na kuuzuia upande wa pili, kama mlango ufungukao nje tu, na kwa sababu hiyo sauti husikika. Lakini jiwe halikuza sauti. Khabari ya mbali haikusikika.

Mawe haya ndiyo yaitwayo leo nusu-vipitishi. Si kama shaba, ambayo umeme wapita ndani yake kama maji katika mfereji. Wala si kama kioo, kiuzuiacho kabisa. Yako baina ya hayo mawili, na tabia yao hubadilika kwa uchafu kidogo, kwa joto, au kwa mwanga. Siku zile wanazuoni wengi waliyadharau, kwa sababu mambo yao hayakuwa na kanuni iliyofahamika.

Losev hakuyadharau. Mnamo Januari 1922, naye hajatimiza miaka 19, alikuwa akijaribu jiwe liitwalo zinkaiti, ambalo asili yake ni oksidi ya zinki. Akaona jambo kinyume cha mazoea. Kwa desturi ukiongeza msukumo wa umeme, umeme upitao nao huongezeka. Katika jiwe lile, palikuwa na kiasi fulani cha msukumo ambacho, ukikizidisha, umeme ulipungua. Jambo dogo hili lina maana kubwa, kwani chombo chenye tabia hiyo chaweza kukuza mawimbi ya redio, na hata kuyazalisha. Losev akatengeneza redio iliyosikia mbali bila ya valvu hata moja, ikitosheka na betri chache za kurunzi. Ikaitwa kristadini. Jarida la Marekani, Radio News, liliieleza kwa sifa mnamo Septemba 1924, na majarida ya Ulaya nayo yakaandika.

Sifa hiyo haikudumu. Zinkaiti ya asili ilipatikana kwa wingi mahali pamoja tu duniani, migodi ya New Jersey katika Marekani. Na ijapokuwa Losev alijifunza kuitengeneza kwa kuichoma oksidi ya zinki katika moto wa umeme, chombo chenyewe kilikuwa chataka mkono mtulivu na subira nyingi. Valvu zikawa rahisi mwaka hata mwaka, na kristadini ikaachwa. Mtu mwingine angalijuta, akashughulika kuitetea. Yeye alikuwa amekwisha ona jambo la pili, na hilo ndilo lililotufanya tuandike karatasi hii.

Mwaka 1923 alikuwa akijaribu jiwe la kaborandamu. Hili msomaji alijua ingawa halijui jina lake, maana ndilo lililopondwa katika mawe ya kunolea na karatasi za msasa. Halichimbwi, hutengenezwa katika tanuri la umeme kwa mchanga na makaa, na asili yake ni silikoni na kaboni. Alipopitisha umeme, palipoguswa na ncha ya waya pakatokea nuru ndogo, ya rangi ya kijani iliyoelekea buluu.

Kwa kweli yeye siye wa kwanza kuiona. Mwaka 1907 Mwingereza Henry Joseph Round, mtu wa kampuni ya Marconi, aliiona nuru kama hiyo, akaandika khabari fupi katika jarida moja la New York, kisha akaendelea na kazi zake. Khabari ile ikasahauliwa. Tofauti baina ya kuona na kujua yaonekana hapa waziwazi. Round aliona akapita; Losev aliona akaketi.

Swali lake la kwanza lilikuwa hili: Je, ni moto? Kila taa ya siku zile ilikuwa moto wa namna fulani. Mshumaa huwaka kwa moto, na taa ya umeme ilikuwa uzi uliochomwa mpaka ukawa mweupe. Kama ncha ile ya jiwe imepata joto la kuiwakisha, basi hapana jipya. Losev alijaribu kwa njia nyepesi ambayo hata mtoto aifahamu. Alitia tone la benzini juu ya mahali palipokuwa pakitoa nuru, akalitazama. Benzini hukauka mara moja penye joto. Tone lile lilikauka polepole, kama likaukavyo juu ya jiwe lisilotoa nuru. Basi akajua kwamba ile ni nuru baridi, itokayo katika umeme wenyewe bila kupitia katika moto.

Akapima umeme unaoingia na msukumo wake, na kuandika ni wakati gani nuru huanza. Akaona kwamba ziko nuru mbili, si moja: ya kwanza hutokea umeme ukisukumwa upande ule ambao jiwe laukataa, mpaka likashindwa, na ya pili hutokea umeme ukipita upande ule ambao jiwe laukubali. Wanazuoni wa leo wakubali kwamba tofauti hiyo ni ya kweli, na ile ya pili ndiyo asili ya taa zote za namna hii tulizo nazo. Akaona pia kwamba nuru huwaka na kuzimika pamoja na umeme bila kuchelewa, upesi kuliko jicho liwezavyo kufuata. Kwa hiyo akafikiri kwamba yaweza kuchukua khabari: simu, sauti, hata picha, kwa kuwasha na kuzima. Mwaka 1927 aliomba hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi huo, akapewa mwaka 1929. Leo khabari za dunia zapita kwa nuru katika nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari, na baadhi yake zafika katika pwani yetu hii. Taa zake si jiwe lile, lakini fikira ni ileile.

Mwaka huohuo wa 1927 aliandika makala katika jarida la redio la Nizhny Novgorod, na mwaka 1928 ikatoka nyingine kwa Kiingereza katika Philosophical Magazine ya London. Katika kutafuta sababu alishika njia iliyonyoka. Mwaka 1905 Einstein alikuwa amebainisha kwamba nuru huja kwa vipimo vidogo visivyogawanyika, kila kipimo kikiwa na nguvu yake kwa kadiri ya rangi yake. Na nuru ipigapo madini huziondosha elektroni. Losev akasema kwamba hili la jiwe ni kinyume cha lile: huku elektroni ndizo zitoazo nguvu zao, na nguvu hiyo hutoka kwa sura ya nuru. Imesimuliwa kwamba alimwandikia Einstein mwenyewe kumwomba msaada wa hesabu, asipate jawabu. Hatujui kama barua ilifika, wala hatumlaumu mtu kwa barua.

Twapaswa kumfanyia insafu pia kila asiyemsikiliza. Nuru ile ilikuwa hafifu mno, haikutosha hata kusomea barua. Sababu yake yajulikana sasa: katika kaborandamu elektroni haiwezi kutoa nuru peke yake, ila isaidiwe na mtetemeko wa chembe za jiwe, na msaada huo hutokea kwa nadra; nguvu nyingi hupotea bure. Tena kanuni za nusu-vipitishi hazikuwekwa ila mwaka 1931, na mtu aliyeziweka ni Mwingereza Alan Wilson. Losev alikuwa akitembea usiku katika nyumba ambayo ramani yake haijachorwa.

Mwaka 1928 maabara ya Nizhny Novgorod ilihamishwa, na Losev akapelekwa Leningrad, mji ambao zamani na sasa huitwa Petersburg. Huko alipata pia ruhusa ya kufanya majaribio katika chuo cha fizikia cha Abram Ioffe, mtu mwenye kuheshimiwa. Alilisaga jiwe kwa mshazari mdogo sana, kisha akapapasa uso wake kwa sindano ya umeme, hatua kwa hatua, apate kujua ndani mnafananaje. Akakuta karibu na uso wa jiwe kuna tabaka nyembamba, sehemu chache tu za elfu ya milimita, ambayo umeme wake ni wa tabia mbali na tabia ya jiwe lililo chini yake. Na penye mpaka wa tabaka hiyo ndipo penye mambo yote. Hakuwa na jina la kuupa mpaka ule. Sasa una jina, na juu yake imejengwa sanaa yote ya umeme wa leo.

Mwaka 1937 alikuwa mwalimu wa fizikia katika Chuo cha Kwanza cha Udaktari cha Leningrad, akiwasomesha madaktari. Mwaka 1938, kwa ushahidi wa Ioffe, alipewa daraja ya ilimu bila kuandika kitabu cha kuiombea, kwa sababu kazi zake zilizokwisha chapwa zilitosha. Alikuwa na miaka 35. Katika miaka hiyo alijaribu vitu vingi vipate kugeuza mwanga kuwa umeme, na akaona kwamba katika vyote silikoni ndiyo ya kutumainiwa. Neno hilo lilikuwa la kweli kuliko alivyoweza kujua.

Tarehe 22 Juni 1941 majeshi ya Ujerumani yaliingia Urusi, na tarehe 8 Septemba Leningrad ikazingirwa. Chuo cha Ioffe kilihamishiwa Kazan. Losev alishauriwa ahame, naye akabaki. Alikuwa na kazi mkononi akataka kuimaliza. Katika siku hizo alitengeneza chombo cha kutafutia vipande vya chuma katika majeraha ya watu waliopigwa, na alikuwa akitoa damu yake kwa ajili ya majeruhi, ilhali mwenyewe hakuwa na chakula cha kuirudisha. Tangu tarehe 20 Novemba mpaka 25 Desemba, fungu la makarani, watoto na wasio na kazi ya kiwanda lilikuwa gramu 125 za mkate kwa siku, na mkate wenyewe si wote unga. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali sana, wala hapakuwa na kuni.

Mnamo Novemba hiyo alikuwa akihangaika kuitoa makala yake nje ya mji. Maudhui yake ilikuwa kwamba kwa nusu-vipitishi yaweza kutengenezwa chombo chenye miguu mitatu, kifanyacho kazi ya valvu bila ya chupa wala moto. Makala ile ilipotea, haikuonekana tena. Tarehe 22 Januari 1942 Oleg Losev alikufa kwa njaa katika hospitali ya chuo chake. Alikuwa na umri wa miaka 38. Mji haukukombolewa ila tarehe 27 Januari 1944, baada ya siku 872.

Chombo chenye miguu mitatu kilitengenezwa Marekani, katika nyumba ya utafiti ya Bell, mwaka 1947, na kikaitwa transista. Mwaka 1951 Kurt Lehovec na wenziwe, huko Marekani, walilichukua tena jiwe lilelile la kaborandamu, wakaeleza nuru yake kwa kanuni zilizokwisha timia. Nasi tueleze kwa ufupi, kwa kuwa bila ya haya msomaji hatafahamu yanayofuata.

Katika nusu-kipitishi elektroni zina ngazi mbili za nguvu, ya chini na ya juu, na baina yake pana nafasi tupu ambayo elektroni haikai. Ile ya chini imejaa. Elektroni moja ikipanda juu, huacha nyuma yake tundu, na tundu hilo nalo hutembea kana kwamba ni kitu chenye uhai. Pale mpakani, aliponusia Losev, upande mmoja ni wa elektroni zilizozidi na upande wa pili ni wa matundu. Umeme huzisukuma zikutane. Elektroni ikiangukia katika tundu, nguvu yake hutoka kama kipimo kimoja cha nuru, kiitwacho fotoni. Na urefu wa kuanguka kwake ndio rangi ya nuru hiyo. Nafasi kubwa hutoa buluu, nafasi ndogo hutoa nyekundu. Kwa hiyo kila jiwe lilikuwa na rangi yake, na aliyetaka rangi nyingine alipaswa kutafuta jiwe jingine. Taa nyekundu ya Nick Holonyak ilitokea mwaka 1962. Buluu yenye nguvu haikupatikana ila katika miaka ya 1990, na Wajapani watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, waliopata tunzo ya Nobel ya fizikia kwa ajili yake mwaka 2014, walitumia jiwe jingine, galiamu naitraidi.

Basi jambo la rangi na jiwe lilidhaniwa kuwa limekwisha. Aliyelifungua tena ni mtu wa mji uleule wa Leningrad. Aleksey Yekimov alizaliwa humo mwaka 1945, miaka mitatu baada ya kufa kwa Losev, na alipata udaktari wake wa ilimu mwaka 1974 katika chuo kile cha Ioffe. Katika kazi yake alishughulika na vioo vya rangi. Mafundi wa vioo wajua tangu zamani kwamba dawa moja ikitiwa katika kioo hutoa rangi mbalimbali kwa kadiri ya moto na muda wa kupika. Yekimov alitia kloridi ya shaba, akapika vioo kwa joto la nyuzi 500 hadi 700, vingine kwa saa moja na vingine kwa saa 96. Ndani yake vilimea vijiwe vidogo vya nusu-kipitishi, vya nanometa 2 mpaka 30. Nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Naye akaona kwamba kijiwe kikiwa kidogo zaidi, mwanga kinaoumeza waelekea zaidi upande wa buluu. Dawa ni ile moja, haikubadilika. Udogo peke yake ndio uliobadili rangi. Alichapisha khabari hiyo mwaka 1981.

Mfano wake ni uzi wa udi. Mpigaji akiubana uzi ukawa mfupi, sauti yapanda. Akiuachia mrefu, sauti yashuka. (Hukumu ya udi si maudhui yetu hapa, twataka mfano tu.) Elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi likifungiwa katika chumba kidogo kuliko kawaida yake hulazimika kupanda nguvu. Katika jiwe kubwa elektroni na tundu lake zina uwanja wa kutosha. Katika kijiwe cha nanometa chache zimebanwa, nafasi baina ya ngazi mbili hupanuka, na nuru itokayo hukwea kutoka nyekundu kwenda kijani, kutoka kijani kwenda buluu. Vijiwe hivi ndivyo viitwavyo nukta za kwanta. Nukta moja kwa mpira wa miguu ni kama mpira huo kwa dunia nzima.

Kama ilivyokuwa kwa Losev, khabari za Yekimov hazikuvuka mipaka upesi. Mwaka 1983 Louis Brus, katika nyumba ileile ya Bell, aliona jambo hilohilo katika maji yenye vijiwe vya kadimiamu salfaidi, pasipo kujua kwamba limekwisha onekana Leningrad. Vijiwe vyake vya nanometa 4.5 hivi, alipoviacha mezani vikakua mpaka 12.5, vilibadilika katika kumeza mwanga. Na mwaka 1993 Moungi Bawendi, ambaye baba yake alikuwa mwanazuoni wa hesabu wa Tunisia, alipata njia ya kuzipika nukta hizi zikawa sawasawa kwa ukubwa: kumimina dawa kwa ghafula katika mafuta ya moto, kisha kuacha zikue kwa kiasi atakacho mpishi. Nukta za kadimiamu selenaidi za nanometa 2 hivi hutoa nuru ya buluu iliyoelekea kijani, na za nanometa 6 hivi hutoa nyekundu. Watatu hawa walipewa tunzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023.

Mambo ya nukta hizi ni mengi, na wachunguzi hawajayamaliza. Nukta mbili zikikaa jirani, ndogo yaweza kuipa kubwa nguvu yake bila kutoa nuru yoyote, na ikawa ile kubwa ndiyo iwakayo. Nguvu hushuka kwa jirani kama maji yashukavyo mahali pa chini, lakini huenda kinyume kwa shida. Jambo hili lilipimwa mwaka 1996. Mwaka huohuo nukta zilitazamwa moja moja, ikaonekana kwamba nukta ya pekee haiwaki daima, bali huwaka na kuzimika bila taratibu, hata ikiangaziwa mwanga usiobadilika. Sababu moja ni kwamba elektroni hunaswa pembeni, ikaiacha nukta na umeme uliozidi, na nukta ya namna hiyo hupoteza nguvu yake kama joto badala ya kuitoa kama nuru. Leo nukta hizi zimo katika televisheni nyingi, zikipokea mwanga wa buluu na kuugeuza kijani na nyekundu safi. Kadimiamu ni sumu, kwa hiyo viwanda vingi vimehamia indiamu fosfaidi.

Na Losev alipokaa mbele ya jiwe lake mwaka 1923, alichokuwa akikitazama kwa jicho lake kilikuwa hicho hicho: elektroni iangukayo ndani ya jiwe na nuru itokayo.